Kanzu Iliyoliwa na Trekta ya Angurai

Habari iliyowasha moto kwenye benchi la kahawa la Mutwalibu, pale Malaba, ilitoka Angurai: trekta ndogo ya chama cha wakulima, iliyonunuliwa baada ya uhuru ili iendeshe mashine ya kupukuchua mahindi, imemvua mtu nguo mbele ya umati. Mtu mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo na kikombe chake. Jina lake Ojakol, lakini kwa kuwa aliwahi kuendesha trekta ya mzungu kule Kitale, kijiwe kizima kilimwita Dereva.

"Si kumvua, imemmenya!" akasema Dauda, mchuuzi wa vitenge waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. "Kama ndizi! Hata Tororo wanajua."

"Wanajua kwa sababu umeshinda huko," Ojakol akanuna.

"Na ile niliyokuazima ilikuwa kanzu yangu ya Idi," Mutwalibu akaingilia, birika mkononi. "Mtu anafunga mashine nyuma ya trekta akiwa na kanzu? Kwenu hakuna kaptura?"

"Mama mkwe alikuwa anakuja, mzee. Nisimame mbele yake na kaptura?"

Benchi likaangua kicheko. Kwa mila ya kina Ojakol, mama mkwe hapaswi kuona hata goti la mkwewe, na jana Ojakol alibaki na soksi tu. Usiku kucha hakulala, akimwaza mchumba wake Amoit na harusi iliyokuwa imekaribia.

"Lakini Kitale ndiyo ulifundishwa hivyo?" Redio akauliza.

"Kitale unazima injini kwanza! Halafu unachukua shafti, kile chuma cha kuzungusha mashine, upande mmoja kwa mashine, mwingine kwa tako la trekta, unasukuma mpaka pini inalia ka! Ndiyo unawasha. Hata mlevi anajua."

"Sasa wewe ulishindwa na nini?"

"Mwenyekiti wa chama alikataa nizime. Ati wageni wametoka mbali kusikia trekta, ikinyamaza watasema ni mbovu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikasema ndiyo mzee."

"Na lile bati la kufunika shafti?"

"Akasema litolewe, watu waone maendeleo yakizunguka." Ojakol akainamisha kichwa. "Nikalitoa. Halafu akapanda kwa kiti apigwe picha, paja lake likasukuma ile gia ya kuzungusha shafti. Na mimi nimeinama huko nyuma."

"Bambi, maskini!" Redio akajipiga paja. "Maendeleo yakazunguka na wewe ndani!"

"Cheka tu. Shafti ikakamata kanzu, bahati ilikuwa nyepesi, ikapasuka. Ingekuwa koti la khaki, leo mngekunywa kahawa kwa matanga yangu."

Kicheko kikafifia. Ojakol alikuwa na hasira, tena zaidi na nafsi yake.

"Na Mwenyekiti alifanya nini?" Mutwalibu akauliza kwa upole.

"Alimaliza hotuba."

Hapo akafika Oluka, mjomba wa Amoit, ametumwa. Ojakol akamsogezea kikombe chake.

"Mama Amoit anasema habari ya uchi ina dawa," Oluka akaanza. "Kondoo anachinjwa leo, wazee wanawabariki, imeisha."

"Kwa hivyo harusi iko?"

"Ngoja. Anasema, mtu akiambiwa na mkubwa weka mkono kwa moto, anaweka. Kesho ataambiwa lete shamba, ataleta. Hiyo haina kondoo. Anataka kujua mkwe wake ana kichwa chake au ni cha Mwenyekiti."

Ojakol akasimama, akajipiga kifua. "Mwambie mama, kuanzia leo mimi siendeshwi na mtu!"

Benchi likashangilia, hata Mutwalibu akaisamehe kanzu. Mara honi ikalia. Landrova ya Mwenyekiti ilikuwa imesimama ng'ambo ya barabara, na mkono mnene ukipunga dirishani. Walipogeuka kumtazama Ojakol, alikuwa keshavuka.

Oluka akamsukumia Redio kikombe.

"Kunywa wewe. Mimi niwahi Angurai kabla hawajachinja kondoo bure."