Kidole Gumba cha Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, dada wa mke wangu, kaja kujigamba. Mwanawe ameacha nyonyo ya mpira! Kasema mara tatu, akimtazama binti yangu aliyekaa mapajani pangu, miaka mitatu sasa, kidole gumba mdomoni. Nikasema wangu ataacha kabla ya Jumapili. Sijui nani alinituma. Mke wangu akakumbusha kuwa daktari wa meno alisema tumwache, ataacha mwenyewe. Daktari hana shemeji kama wangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimempaka shubiri kidoleni. Kalamba, kakunja uso, kaniambia na mimi nionje. Baba gani angekataa? Mpaka sasa hata maji ni machungu. Yeye alijifuta kwenye gauni akaendelea.

Jumatano, 5 Machi
Mimi ni fundi cherehani. Nashona suti za mabwana harusi, kimfuko cha kidole kitanishinda? Nikamsimamisha mbele yangu, nikampima, nikashona kwa kitambaa kizito, kifungo juu. Kazi safi. Akashukuru, akanyonya kidole cha mkono wa pili, kilekile cha siku zote. Tulitazamana uso kwa uso, nikadhani upande wangu wa kulia ndio wake wa kulia. Fundi mzima! Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Ijumaa, 7 Machi
Tangu jana kila nikimwona namchomoa kidole. Sasa akiniona anakimbia. Huwa analala kifuani pangu. Leo kalala kwa mama yake. Imeniuma, sitaficha. Mke wangu kasema nikikipata kidole nitamkosa mtoto. Nikajifanya natunga uzi sindanoni.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kafika mapema na mwanawe, kakaa kama hakimu. Binti yangu akachungulia mlangoni, mikono nyuma. Shemeji akauliza kama ameacha. Ningeweza kusema ndiyo, lakini mtoto alikuwa ananitazama kwa hofu. Nikamwambia aje, na kidole chake. Akaja mbio, akanipanda mapajani, akanyonya, akalala. Shemeji akanicheka sana. Sikujali hata kidogo.

Mwanawe alikuwa akitutazama kwa wivu. Taratibu, akatia kidole chake mdomoni. Kicheko kikakatika.

Nimemwambia shemeji asihofu, aniachie mimi, kufikia Jumatano atakuwa ameacha. Binti yangu alikuwa mgumu tu. Huyu ni mwepesi, namwona machoni.