Habari za Karani Aliyemfungulia Njiwa Faili

Sogeeni, enyi mlioketi na mlio wima, mtege masikio, maana twasimulia tendo kuu lililotendeka orofa ya saba, katika chumba cha masjala. Shujaa wetu ni karani, Mlinzi wa Mafaili, Bwana wa Mihuri Mitatu, aliyelipa dirisha mgongo kwa miaka kumi na mmoja asijue kwamba nje kuna kitu.

Ikawa kiyoyozi kikaanza kuguruma, kuuu-kuu, kuuu-kuu, kutwa nzima. Karani akashika kalamu kama ashikaye mkuki, akaandika barua ya kurasa mbili kuomba fundi aje kuking'oa na kukisafisha. Barua ilipokwisha kwenda ndipo alipofungua dirisha amwone adui. Juu ya sanduku la mashine alilala njiwa, chini yake vijiti na mayai mawili, naye akamtazama karani kama mtu aliyekatizwa mazungumzo. Shujaa akaona haya. Kisha, asijue kwa nini, akazima kiyoyozi.

Siku ya tisa fundi akatokea, ndoo mkono huu, brashi mkono ule. Karani akamzuia dirishani, kifua wazi, au tuseme vifungo viwili wazi kwa sababu ya joto.

"Mzee, nipishe nifanye kazi," fundi akasema. "Barua hii hapa, umeiandika mwenyewe."

"Niliiandika katika siku za ujinga wangu," akanena shujaa. "Lakini jua, ewe mwenye ndoo, ya kwamba katika masjala hii kitu chenye faili hakisogezwi mpaka faili lifungwe. Na huyu ana faili."

Akaliinua juu, jalada jipya, lenye namba na mada: Njiwa, na Familia Yake.

Fundi akamgeukia mkuu wa masjala, aliyeitwa Bi Mkubwa, mama aliyekuwa akijipepea kwa bahasha wiki nzima. Neno lake moja lingetosha kumaliza kizazi kile, na karani alijua hilo. Bi Mkubwa akalisoma faili taratibu: siku yai la kwanza lilipopasuka, siku la pili lilipokataa, saa ambazo baba mtu alikuja kupokea zamu. Akauliza kama aliyebaki anakula. Akajibiwa kwamba anakula vizuri. Basi fundi akaambiwa arudi faili likifungwa, na ofisi nzima ikamnunia karani kwa joto lile.

Siku kumi na tano baadaye, saa nne na robo asubuhi, kazi zote zilisimama. Kinda akatembea hadi ukingoni, akasita, akarudi nyuma, kisha akaruka mita sita kamili hadi jengo la pili, akatua kwa tumbo.

"Andika," Bi Mkubwa akasema, macho yake yangali nje. "Sababu ya kufunga faili: ameruka."

Vizazi vijavyo na vijue: wengine waliangusha ngome na kuvuka majangwa; huyu wetu alizuia brashi moja, na ulimwengu ukapata njiwa mmoja zaidi. Naye, shujaa mzima, alilia mbele ya watumishi wote, akasingizia jasho.