Malalamiko Dhidi ya Nyama ya Mbwa Inayoanikwa Mtaani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa,

Salamu nyingi kutoka hapa buchani. Mimi ni mzima, biashara ndiyo mgonjwa. Nakuandikia kwa masikitiko kuhusu fundi cherehani anayekaa ghorofa ya juu, mkabala na bucha yangu. Najua ni dada yako wa tumbo moja, lakini nakuamini hutapendelea.

Tangu mumewe afariki, fundi huyu alikuwa akija kwangu kila asubuhi na mbwa wake, Bosi, kuchukua mifupa. Sasa haji. Amejifunza kukata nyama vipande vyembamba, kuvianika juani na kwenye upepo mpaka vinakuwa vigumu kama soli ya kiatu, kisha anampa Bosi atafune. Haitiwi chumvi wala dawa, ni nyama na upepo basi. Kopo moja la vipande hivyo linamtosha mbwa siku nyingi mno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Usafi. Nyama inabanwa kwa vibanio kwenye kamba ileile ya nguo za wateja. Juzi gauni la bibi harusi lilitoka pale likinuka nyama, na mbwa wa mtaa mzima wakamsindikiza mwenyewe mpaka ukumbini. Picha zipo.

2. Heshima. Bosi, niliyemlea kwa mifupa ya goti tangu akiwa mdogo, siku hizi ananipita mlangoni bila kugeuza shingo, kana kwamba hatujawahi kuonana. Nimeumia.

3. Afya. Upepo uliangusha vipande viwili mlangoni kwangu. Nikaonja kimoja, kwa uchunguzi tu. Kilikuwa kitamu. Nikaonja cha pili ili nihakikishe, jino likalegea. Hebu fikiria watoto.

4. Hili ndilo linalonikosesha usingizi: nyama yenyewe hanunui kwangu. Ananunua kwa Kipara wa kule stendi, mtu anayekata nyama kama anapasua kuni! Ni kweli alianza kwangu, akaulizia nyama isiyo na mafuta, nami nikacheka kidogo niliposikia ni ya mbwa. Kilikuwa kicheko cha kibiashara tu. Mtu mzima hanuni kwa jambo kama hilo.

5. Usalama wa mtaa. Leo mbwa hahitaji bucha, kesho paka naye atafuata. Mwishowe watu wenyewe wataanika vyakula vyao madirishani, kila mmoja ajifungie kwake, asiwepo wa kumwuliza mwenzake ameamkaje. Na wapo watu, Mwenyekiti, waliokwishazoea kuulizwa wameamkaje.

Kwa hiyo naomba kamati ipige marufuku uanikaji huu mara moja. Ikishindikana, iamuru kila mwenye mbwa afike buchani mwenyewe kila asubuhi, akiwa na mbwa wake. Mbwa akiumwa, aje mwenyewe tu.

Wasalimie wajumbe wote, mama watoto, na mama yako mzazi. Mwambie maini yake nimemwekea. Bosi simsalimu.

Wako mwenye hasira lakini mwenye adabu,
Mwenye Bucha

Nyongeza: Nimemaliza tu kuandika jina lako kwenye bahasha, dada yako huyo kaingia. Nyama ya Kipara ilikatwa nene, imeozea kwenye kamba, sasa anaomba nimkatie mimi. Bosi amekuja moja kwa moja, amelala miguuni pangu. Kisha dada yako akaiona bahasha, akauliza ninakuandikia nini wewe. Nikaifunika kwa kiganja. Akanitazama, akainamisha uso, akasema alishakata tamaa kwamba nitakuja kuandika, na kwa upande wake hana kipingamizi. Sikumsahihisha, wala sitaki kumsahihisha maisha yangu yote. Ningeandika barua nyingine, lakini amesimama hapa mbele yangu, anasubiri niifunge hii akuletee kwa mkono wake. Basi ipokee kama barua ya posa. Wazee wangu watafika siku utakayosema wewe. Yale malalamiko nimeyafuta yote, na kamba ya kuanikia nitaifunga mimi mwenyewe juu ya paa la bucha. Ila nakuomba sana, shemeji, akitaka umsomee, anzia kwenye nyongeza.