Koili Inayochelewa Kujaa

Jamani, leo nimechoreka. Mbele ya Form Four nzima, na Mkuu wa shule akiwa kiti cha mbele!

Mnanijua. Mimi ndiye yule anayeitika jina kwa sauti ya kifaranga. (Mwalimu wa zamu huandika sijafika huku ananitazama.) Sasa shule ilitafuta mtu mmoja wa kwenda maonyesho ya sayansi Dodoma, na mimi, sijui nilikula nini, nikanyoosha mkono.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu ya kaka kuhusu koili za sumaku zinazozungushwa bila kihami chochote, yaani kitu cha kuzuia umeme, kati ya mzunguko na mzunguko. Hazipigi shoti! Sehemu moja ikiharibika, umeme unapitia mzunguko wa jirani na koili haiungui. Nikaona Dodoma hiyo hapo.

Nikaomba waya wa shaba wa mota iliyoungua, ya mashine ya kukamua alizeti pale Utemini. Una vanishi, ndiyo kihami chake. Jana jioni nikaukwangua wote kwa msasa, ukang'aa kama hereni.

("Unasafisha nini?" mama akauliza. "Sayansi.")

Leo nikauzungusha kwenye msumari, nikaunga betri ya bodaboda, nikausogeza kwenye kisosi cha pini.

Hata pini moja haikusogea!

"Vipi, imegoma?" akauliza Madam Nkii, mwalimu wetu wa fizikia.

Hapo usomi ukanipanda kichwani. "Madam, koili za aina hii huchelewa kujaa sumaku. Tusubiri."

Wakasubiri! Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tusubiri mpaka mvua zije, binti?"

"Bado kidogo, Mkuu."

Nikasikia harufu. Halafu vidole. Waya ulikuwa wa moto kama kikaango! "Mamaaa!" Nikaurusha msumari, nyaya za betri zikachomoka, kisosi kikapinduka, pini zote zikamwagika miguuni kwa Mkuu.

"Haya, zimesogea!" Mudi akapaza sauti kutoka nyuma.

Darasa likalala kwa kicheko. Nikatafuta shimo la kuingia. Sakafu ni ya saruji.

Madam akangoja watulie. "Ulichosoma ni kweli. Ila zile ni za utepe uliopozwa kwa baridi kali mpaka hauna ukinzani hata kidogo, kwa hiyo umeme hauna sababu ya kuiacha njia yake. Shaba yako ina ukinzani. Umekwangua vanishi, umeupa umeme njia ya mkato."

"Ndiyo, Madam."

"Na huko kuchelewa kujaa, kwa nini kunatokea?"

Nikajibu. Kwa sauti! Kwamba mwanzoni umeme mwingine hukatiza kati ya mizunguko, ndipo polepole unatulia kwenye njia yake ndefu. Darasa zima likanigeukia. (Nadhani walishangaa kwamba nina sauti.)

Mkuu akainama, akachomoa pini kwenye kiatu. "Huyu aende. Betri abebe Mudi."

Kwa hiyo naenda Dodoma, kuwaonyesha watu wa mikoa mingine koili inavyogoma na kueleza kwa nini. Chekeni leo mmalize. Mtu akicheka kule, nitamwambia ashike waya kidogo tu, asubiri koili ijae.