Saba Gawanya kwa Mbili

Jumatatu, 7 Juni 2004

Nyanjige! Nyanjige yule yule niliyemfundisha sehemu kwa kukata chungwa mbele ya darasa, akalila lote kabla sijafika kwenye robo!

Leo nilikwenda kwenye chumba chake cha intaneti, kile kilichokuwa ghala la pamba la ushirika kabla wanunuzi binafsi hawajaja na mizani zao. Nilifuata mitihani ya zamani. Nikaona kwenye kioo cha kompyuta yake orodha ya majina arobaini na matatu. La kumi na tisa ni lake. Nikamwuliza ni orodha ya marehemu?

Akanieleza kwa adabu. Upande wa adabu sina la kumlaumu. Kuna programu ya hesabu iitwayo Kokoto. Ni huria: mtu yeyote duniani anaruhusiwa kusoma maandishi ya ndani yake, kurekebisha, na kupeleka marekebisho kwa barua pepe. Yakikubaliwa, jina lake linaingia kwenye orodha. Aliianzisha Profesa Marcelo, Mbrazili aliyewahi kufundisha Dar, na Nyanjige alikuwa mwanafunzi wake. Sasa yeye ndiye mlinzi wa sehemu ya namba nzima. Bila yeye kukubali, hakiingii kitu.

Mimi nafundisha hesabu mwaka wa ishirini na saba. Jina langu halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la mahudhurio.

Nikarudi ofisi ya walimu na hasira zangu, nikawaambia wenzangu kwamba hata mimi nimo kwenye orodha ile. Sijui nilisema kwa nini. Mdomo ulitangulia. Mkuu wa shule, Mama Stephania, akasikia, akafurahi, akaniweka kwenye ratiba ya siku ya wazazi, Jumamosi tarehe 26. Ajenda ya nne: Mwalimu Ngeleja ataonesha jina lake kwenye kompyuta.

Toleo la pili la Kokoto linatoka tarehe 23. Lazima niwemo. Nisipokuwemo, nitahamia Lalago nikachunge ng'ombe kwa mdogo wangu Limbu, na hata huko watacheka.

Jumanne, 8 Juni

Nimepeleka mchango wa kwanza. Mtu akipata jibu sahihi, Kokoto imwambie: Hongera, kaa chini.

Nyanjige amenijibu kwa barua pepe ingawa tulikuwa chumba kimoja, hatua tatu kati yetu. Ameandika: Shikamoo Mwalimu, tunashukuru, hatuwezi kuupokea, programu haijui kama mtu amesimama.

Wivu tu.

Alhamisi, 10 Juni

Nimegundua siri. Wakibishana kwenye Kokoto, wanasikilizana mpaka wengi wakubali. Wengi! Mimi wengi ninao.

Nimemtafuta Mayige wa Dutwa. Ni nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wanaolima na kuvuna kwa pamoja. Ukiwahitaji shambani unamwita yeye, unachinja mbuzi, wanamaliza ekari tano wakiimba. Nikamwambia nina shamba la aina nyingine. Hakuuliza la wapi. Aliuliza mbuzi ana ukubwa gani.

Wamefika vijana thelathini na mmoja kwa baiskeli, na ngoma. Nyanjige aliduwaa. Kila mmoja amefunguliwa anuani ya barua pepe, na neno la siri la wote ni moja, ng'ombe, ili wasisahau. Kumi na wanne wamefanikiwa kuandika. Wote wameandika: Ngeleja apewe.

Wengine wamebaki nje wakicheza ngoma mpaka jenereta halisikiki.

Profesa Marcelo amejibu akiuliza, kwa heshima, Ngeleja apewe nini.

Mke wangu Minza ameuliza mbuzi yuko wapi. Nimemwambia yuko kwenye sayansi.

Ijumaa, 11 Juni

Nimefikiri upya. Nikishindwa kuingia, Nyanjige na atoke. Nafasi ikiwa wazi watahitaji mtu mwingine wa hapa Bariadi.

Wakati Mayige anakula mbuzi wangu alinieleza sheria za kikundi chake. Aliyeahidi kazi akachelewa analipa faini ya kuku. Hakuna cha profesa wala diwani. Na kule Kokoto wamejaa watu walioahidi kazi tangu Machi hawajafanya! Nimewahesabu, ni kumi na mmoja.

Nyanjige alipotoka kuongeza dizeli kwenye jenereta aliacha kompyuta yake wazi. Nikakaa. Nikawaandikia wote kumi na mmoja, kwa jina lake, kwamba kuanzia leo kila mchelewaji anatozwa kuku mmoja, na Profesa Marcelo wawili kwa kuwa ni mkubwa. Watamchukia! Mzungu umtoze kuku! Watamfuta kabla ya Jumapili.

Nilitoka nikipiga mluzi.

Jumatatu, 14 Juni

Wamefurahi.

Sielewi dunia. Wachelewaji tisa wamemaliza kazi zao ndani ya siku mbili wakiogopa faini. Bwana mmoja wa Ufini amepeleka picha ya kuku wake akiomba apewe stakabadhi. Profesa Marcelo ameomba radhi, ameuliza kama bata anakubalika, na amependekeza sheria ya kuku iandikwe kwenye kanuni za Kokoto kwa heshima ya Nyanjige.

Kwa heshima ya Nyanjige!

Nilikwenda kupinga. Nikasema mbele ya wateja wote kwamba barua zile niliandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye kompyuta yake, yeye akiwa kwenye dizeli. Nilipomaliza ndipo nikajisikia nilichosema.

Hakukasirika. Aliniambia alijua tangu Ijumaa, maana hakuna mwingine anayeandika tarehe upande wa kulia na kuipigia mstari kwa rula, hata kwenye barua pepe. Kisha akaniambia: "Mwalimu, jina halipatikani kwa mbuzi. Fanya kazi moja ya kweli. Kugawanya namba nzima kumeandikwa vibaya tangu mwanzo. Kaandike upya, mimi nitapokea."

Nilitaka kukataa kwa sababu ya heshima yangu. Nikakumbuka ajenda ya nne.

Alhamisi, 17 Juni

Siku tatu sijanyoa. Nyanjige amenifundisha lugha ya kuiamrisha kompyuta, na naisema kama mtoto wa chekechea, lakini naisema. Nimejisikia furaha ambayo sikuwa nayo tangu chuo cha ualimu. Niandike ukweli, si jina tu. Ni furaha.

Jambo moja limenisumbua: kinachobaki. Wazee walioandika mwanzo walikiacha kinaning'inia tu. Saba gawanya kwa mbili ni tatu, baki moja. Baki moja yuko wapi? Anakula nini? Analala zizi gani? Huu ni uzembe.

Nikakumbuka marehemu baba alipofariki, mwaka themanini na tano. Ng'ombe saba, watoto wa kiume wawili, mimi na Limbu. Ng'ombe hakatwi katikati. Mimi ni mkubwa, nilichukua wanne, Limbu watatu. Yule wa saba, jike la madoa, nilisema namchukua kwa kumtunza tu, tutazungumza baadaye. Limbu alivua kofia. Aliangalia tu. Jike lile lilikuwa na baraka, kizazi chake kimefika kumi na wanne. Na hatujazungumza bado, maana nafasi haijapatikana.

Kwa hiyo nimeandika: kinachobaki kinakwenda kwa wa kwanza. Saba gawanya kwa mbili ni nne. Hakibaki kitu, zizi safi.

Minza alipita nyuma yangu na kikombe cha uji, nikamsomea. Akaniuliza kama Limbu anajua kwamba hiyo sasa ni hesabu. Nikamwambia asichanganye mambo ya familia na taaluma.

Jumamosi, 19 Juni

Imepokelewa!

Nyanjige amefiwa na shangazi yake Lamadi, alikuwa anawahi basi, begi begani. Alipitisha macho juu juu. Akasema: "Nakuamini, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha kugawanya." Akabonyeza. Jina langu likaingia, la arobaini na nne. Joakim Ngeleja, Bariadi, Tanzania.

Nimelitazama mpaka jenereta likazimwa.

Jumatatu, 21 Juni

Barua pepe sitini na mbili. Nilidhani ni pongezi. Nikaanza kusoma nikitabasamu.

Bwana wa Ufini, yule wa kuku, aliiomba Kokoto igawanye siku mia tatu sitini na tano za mwaka kwa wiki hamsini na mbili. Ikamwambia wiki zote zina siku saba isipokuwa ya kwanza, ina nane. Amewatangazia wafanyakazi wake. Walimu wawili wa Ureno wamegawana daftari mia moja na moja kwa madarasa manne, darasa la kwanza likapata ishirini na sita bila maelezo, mengine yananung'unika. Mwanafunzi mmoja wa Kanada ameandika tu: Kwa nini?

Nikajibu kwamba mkubwa ana majukumu. Hilo halikusaidia.

Jumanne, 22 Juni

Nyanjige amerudi kutoka msibani. Macho mekundu, sijui ni ya shangazi au ya kwangu. Hakunifokea, na ndicho kilichoniuma. Alisema tu kwamba alimwamini mwalimu wake. Kazi yangu imefutwa. Jina limefutwa. Orodha imerudi arobaini na tatu.

Nimekaa nje ya ghala, juu ya jiwe, nimeona aibu ya kweli. Imedumu kama nusu saa. Kisha nikaanza kupanga jinsi ya kuugua siku ya Jumamosi.

Jumatano, 23 Juni

Toleo la pili limetoka. Nimeugua tangu asubuhi, kwa mazoezi.

Saa tisa Nyanjige amekuja nyumbani. Amepiga magoti kidogo, amenisalimia, ameanza kuomba samahani. Nikajua kuna baya zaidi.

Ni hivi. Kokoto ikifanyiwa kosa kubwa, wanaandika jaribio la kulinda kosa hilo lisirudi tena, na jaribio hupewa jina la aliyekosea. Ndio utaratibu wao, hawezi kuuzuia. Langu linauliza saba gawanya kwa mbili. Kompyuta ikijibu tatu, baki moja, inaandika: NGELEJA, SAWA. Ikijibu nne, inakataa kuendelea.

Nikauliza linafanyika lini. Akasema kila mara mtu yeyote anapoiweka Kokoto kwenye kompyuta yake. Popote? Popote. Na yale majina arobaini na matatu, yanatokea kwenye kioo? Hapana, Mwalimu, yale yako kwenye faili ambalo hakuna anayelifungua.

Nimepona papo hapo! Wao wamefungiwa kabatini. Mimi natokea Ufini, Ureno, Brazili, kila siku ya Mungu, kwa herufi kubwa, na neno SAWA pembeni! Nimemshukuru Nyanjige kwa Kisukuma, wabeja sana. Amenitazama kama mtu aliyekuja kutoa pole akakuta harusi.

Jumamosi, 26 Juni

Siku ya wazazi. Ukumbi umejaa. Nyanjige ameleta kompyuta na jenereta lake. Mayige na vijana wake wamekuja bila kuitwa, nadhani walinusa harufu ya mbuzi. Limbu ametoka Lalago, binti yake yuko kidato cha pili hapa kwetu. Amekaa mstari wa mbele, kofia magotini.

Ajenda ya nne. Nimesimama. Nyanjige ameiweka Kokoto mbele ya watu wote. Maandishi yakapanda, yakapanda, na hapo: saba gawanya kwa mbili, tatu baki moja, NGELEJA, SAWA. Makofi! Mama Stephania akafuta machozi. Nikawaeleza wazazi kwamba dunia nzima sasa haiwezi kugawanya bila kupitia kwangu. Sikudanganya hata neno.

Mama Stephania akauliza kama kuna swali.

Limbu akasimama. Hajawahi kuuliza swali kwenye mkutano maishani mwake. Akasema: "Kaka, shikamoo. Naomba kueleweshwa. Saba kwa watu wawili. Kompyuta imesema kila mtu tatu, na wewe umetia sahihi. Ile moja iliyobaki ni ya nani?"

Nikamtazama Nyanjige anisaidie. Nyanjige, ambaye hajui kudanganya, akasema kompyuta haimpi mtu. Inabaki pembeni mpaka wenyewe wakubaliane.

Limbu akasema: "Tangu themanini na tano nasubiri kuitwa." Nikaangalia viatu vyangu.

Nikasema wazee walikubali. Kutoka nyuma wazee wawili wakasema hawakuulizwa. Nikasema niliahidi tutazungumza. Hapo Mayige akanyanyuka, akauliza kama amesikia vizuri kwamba niliahidi nikachelewa, na kwa miaka mingapi. Watu wote wakahesabu kwa sauti, na wanafunzi wangu ndio waliokuwa wa kwanza kupata. Kumi na tisa.

Minza ndiye aliyecheka zaidi. Mke wangu mwenyewe.

Jumapili, 27 Juni

Limbu ameondoka asubuhi na ng'ombe saba kati ya wale kumi na wanne. Wamegawanyika vizuri, hakubaki kitu. Alinishika mkono muda mrefu, akasema sasa roho yake imetulia. Yangu imetulia pia, kwa kiasi. Nilidhani itauma zaidi.

Kuku kumi na tisa, mmoja kwa kila mwaka niliochelewa, wamechukuliwa na vijana wa Mayige, wamening'inizwa kwenye baiskeli, safari ya Dutwa. Banda liko wazi. Minza amelifagia na kuimba.

Nimekaa, nimetafakari kwa kina wapi nilikosea. Nimepata jibu. Nilichagua sehemu mbaya. Kugawanya ni jambo la fitina. Jioni nimepita kwa Nyanjige, akateleza ulimi kwamba sehemu ya kutoa haina mlinzi tangu mwezi uliopita.

Kuku kumi na tisa kutoa kumi na tisa, Kokoto inasema sifuri. Nimeiangalia mara tatu. Haiwezekani. Wawili watatu lazima wabaki kwa mkubwa.

Naanza kesho saa mbili.