Lebo Nilizobandika Nyuma ya Ukurasa

Jumatatu, 3 Machi
Wateja leo: hakuna. Ng'ambo ya barabara, kwa fundi viatu mwenzangu, Kisigino, foleni mpaka nje. Ukitafuta fundi viatu kwenye simu, yeye ndiye wa kwanza, na nyota zake juu. Mimi sionekani kabisa! Mpwa wangu, aliyenitengenezea tovuti, anasema mashine ya kutafuta haielewi ukurasa wangu unahusu nini. Inataka lebo zilizofichwa nyuma: hili jina, hii aina ya biashara, hizi saa za kazi. Akaziweka. Akanionyesha na pa kubadilisha saa. Hapo ndipo alipokosea.

Jumanne, 4 Machi
Aina ya biashara: "fundi viatu". Kinyonge mno! Nimefuta, nimeandika "hospitali ya miguu". Si uongo hasa. Natibu soli. Nimejiongezea na nyota tano, kutoka kwa watu elfu nne. Mke wangu kauliza nacheka nini peke yangu. Nimesema kikohozi.

Alhamisi, 6 Machi
Mashine imesoma! Saa tatu asubuhi, mteja. Bibi mmoja, kapanda mabasi mawili, mguu umevimba hauingii kiatu. Kaketi, kauliza daktari yuko wapi. Nilitamani ardhi inimeze.
"Bibi, daktari hayupo. Nipo mimi na gundi."
Hakucheka. Nimefunga duka, nimempeleka hospitali ya kweli, nimekaa naye kwenye benchi hadi alipoitwa. Nafsi imenisuta kutwa nzima. Pale kwenye benchi nimempima mguu kwa uzi, angalau nimshonee viatu.

Ijumaa, 7 Machi
Nyota zimefutwa! Mashine imewatafuta watu wangu elfu nne kwenye ukurasa, haikumkuta hata mmoja. Mpwa wangu kaja amenuna. Lebo iseme kilichopo tu, kasema. "Mjomba, na kama yule bibi angezidiwa humu ndani?" Karudisha "fundi viatu".

Jumatano, 12 Machi
Bibi kaja kuchukua viatu nilivyomshonea, vipana, kitambaa laini. Katembea hadi mlangoni, karudi anatabasamu. Mjukuu wake kaandika maoni mazuri, ya kweli. Wateja wanne leo! Mke wangu kasema nimeona sasa faida ya kusema kweli. Nimeinamisha kichwa. Mpwa wangu kaniapisha nisiguse tena neno "hospitali". Nimeapa kwa moyo mmoja.
Ila kuna rafu tatu za viatu ambavyo wenyewe hawajavirudia, vingine mwaka wa tisa huu. Kwenye lebo nimeandika "makumbusho".