Vyumba vya Mama Mkwe

Jumatatu, 15 Aprili

Maji ya Rufiji yameingia mashambani, sasa yako majumbani. Watu wa deltani wanapanda huku Kibiti na magodoro kichwani. Jumapili kitongoji kinachagua mwenyekiti wa kamati ya maafa. Lazima niwe mimi. Nimefungua kundi la WhatsApp, "Chako ni Chetu": mwenye chumba, chombo au pikipiki inayokaa bure aitaje, mwenye shida aitumie. Hata mke wangu Yasmini amekiri kuwa safari hii nimewaza la maana.

Jumanne, 16 Aprili

Kundi limechangamka. Jirani yetu Hemedy ametoa mtumbwi, na kasia anapiga mwenyewe. Anasifiwa mpaka inachukiza. Yasmini ameniuliza mimi natoa nini. Nimemjibu natoa uongozi. Amecheka, akarudi jikoni. Siwezi kushindwa na mtumbwi unaovuja.

Jumatano, 17 Aprili

Nimepata! Mama mkwe, Bi Mwantum, yuko Mafia kwa dada yake hadi mwisho wa mwezi. Nyumba yake ina vyumba vitatu, ufunguo tunao sisi. Nimeandika kundini kwamba vyumba vipo, waje kwangu mimi Huseni. Kufika magharibi nyumba imejaa. Yumo Shamsia, mjamzito aliyetimiza miezi tisa, aliyekuwa amekwama tangu Jumapili juu ya dungu la kulindia mazao shambani. Sifa tele. Yasmini ameuliza kama mama yake ameridhia. Nimesema mtandao wa Mafia unasumbua.

Ijumaa, 19 Aprili

Balaa. Mama mkwe kasikia habari za mafuriko, kakatisha safari, kashukia bandarini Nyamisati. Nimemkuta barazani kwake, kapakata mtoto wa watu. Nikamwamkia kichwa chini, nikingoja matusi. Akasema hajawahi kujivunia mkwe kama leo. Wageni wasiguswe, kitanda chake alalie Shamsia, yeye atahamia kwetu. Chumbani kwetu, na binti yake. Ningemkatalia vipi mama mkwe? Mimi niko jikoni na kuku.

Jumapili, 21 Aprili

Shamsia kajifungua mtoto wa kike alfajiri, wote wazima. Nimefurahi mpaka machozi. Kisha mkutano. Wamemchagua Bi Mwantum, kwa kauli moja, kwa kutoa nyumba yake. Mimi nimebeba viti. Nimeumia, sifichi.

Lakini kosa langu nimeshalijua: nilitoa vitu vichache. Maji yakipungua watu watahitaji majembe. Hemedy anayo manne, na leo kasafiri kwenda Mkongo. Nimeshayaandika kundini.